Maisha ya Mateka wa Vita: Askari wa Kiingereza Katika Kambi za Wajerumani, 1940–1945

Askari aendapo vitani hutumaini kurudi nyumbani mzima, na hujua pia ya kuwa huenda akajeruhiwa au kuuawa. Ni mara chache afikiripo jambo la tatu, nalo ni kutekwa. Hata hivyo, katika kila vita kubwa wako maelfu ya watu ambao vita vyao vilikwisha siku moja, walipoambiwa waweke silaha chini na kuinua mikono.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vilivyoanza mwaka wa 1939 na kwisha mwaka wa 1945, zaidi ya askari laki moja wa Uingereza walikuwa mateka mikononi mwa Wajerumani. Wengi wao walikaa nyuma ya seng'enge muda wa miaka mitano karibu kamili. Waliona njaa, baridi na kazi ngumu. Lakini katika kila mateka 100 wa Uingereza na Marekani walioshikwa na Wajerumani, wapatao 96 walirudi makwao hai. Jambo hili lastahili kuulizwa sababu yake, kwa maana serikali iliyowashika ndiyo hiyo hiyo iliyoua mamilioni ya watu wasio na hatia. Mateka hana bunduki wala hana nguvu. Basi ni kitu gani kilichomlinda?

Makala haya yaeleza maisha ya mateka hao tangu siku waliyotekwa mpaka siku waliyorudi, ili msomaji apate kuona jibu la swali hilo.

MATEKA SI MHALIFU

Kwanza hapana budi kufahamu ya kuwa mateka wa vita si mfungwa wa gerezani. Hakuiba wala hakuua kinyume cha sheria. Alikuwa akitimiza amri ya nchi yake, na sasa amezuiwa ili asirudi kupigana. Kwa ajili hiyo mataifa mengi, Uingereza na Ujerumani pamoja, yalitia sahihi mapatano katika mji wa Geneva, nchi ya Uswisi, tarehe 27 Julai 1929.

Mapatano hayo yalikuwa na vifungu 97. Yalisema kuwa mateka atendewe kwa utu, na asilipiziwe kisasi kwa makosa ya wenziwe. Akiulizwa habari, alazimika kutaja jina lake na cheo chake, au namba yake ya jeshi, wala asiteswe ili aseme zaidi. Chakula chake kiwe sawa na cha askari wa akiba wa nchi iliyomteka. Maofisa wasilazimishwe kufanya kazi. Askari wa kawaida waweza kupewa kazi, lakini isiwe kazi ya vita. Mateka akitoroka na kushikwa, adhabu yake isizidi kifungo cha siku 30. Tena yaliagiza kuwa maneno ya mapatano yabandikwe kambini, katika lugha ya mateka wenyewe, mahali ambapo kila mtu aweza kuyasoma.

Maneno ya karatasi hayajilindi yenyewe. Kwa hiyo iliamriwa kuwa nchi isiyo upande wowote ichaguliwe ili isimamie haki za mateka. Mwanzoni Marekani iliwasimamia mateka wa Kiingereza. Marekani yenyewe ilipoingia vitani mwezi wa Desemba 1941, kazi hiyo ikashikwa na Uswisi. Wajumbe wa nchi hiyo, na wa Halmashauri ya Msalaba Mwekundu ya Geneva, walizuru kambi, wakahesabu vitanda, wakaonja supu, wakasikiliza malalamiko, kisha wakaandika ripoti zilizofika London na Berlin.

Wazee wa Kenya waliiona sheria hii kwa macho yao upande wa pili. Mwaka wa 1941, baada ya majeshi ya Italia kushindwa katika Ethiopia na Somalia, maelfu ya Wataliano waliletwa Kenya wakiwa mateka. Ndio waliotengeneza barabara ya kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Naivasha, na kanisa dogo walilojenga kando ya barabara hiyo mwaka wa 1942 lingali liko. Mwezi wa Januari 1943 mmoja wao, Felice Benuzzi, alitoroka na wenzake wawili katika kambi iliyo karibu na Nanyuki. Hakukimbilia kwao, bali alipanda Mlima Kenya. Yeye na mwenzake mmoja walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Walihukumiwa siku 28 katika chumba cha peke yao, na mkuu wa kambi akawatoa baada ya siku 7. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya siku 28, kwa maana tutairudia.

SAFARI YA MWAKA WA 1940

Waingereza wengi walitekwa kwa wakati mmoja, mwezi wa Mei na Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Ufaransa. Askari wengi waliokolewa kwa meli katika pwani ya Dunkirk, lakini wengine waliachwa nyuma. Divisheni ya 51, iliyokuwa ya askari wa milima ya Scotland, ilizungukwa katika mji mdogo wa bandari uitwao St Valery-en-Caux. Ukungu uliwazuia manowari wasiweze kuwachukua. Tarehe 12 Juni, risasi na chakula vilipokwisha, Meja-Jenerali Victor Fortune aliweka silaha chini mbele ya Jenerali Rommel. Zaidi ya askari 10,000 wakawa mateka.

Kutoka hapo walitembezwa kwa miguu kupita kaskazini ya Ufaransa na Ubelgiji. Walikwenda majuma mawili na matatu juani, katika vumbi, wakilala mashambani. Wanawake wa vijijini waliweka ndoo za maji kando ya njia, na mara nyingi walinzi waliziangusha kwa mateke kabla watu hawajanywa. Mateka walichimba viazi vibichi mashambani wakala, wengine wakaharisha damu. Kisha wengi walitiwa katika mashua kubwa za kuchukulia makaa ya mawe, wakapandishwa mto Rhine. Baada ya hapo wakafungiwa ndani ya mabehewa ya mizigo. Mabehewa hayo ya Ufaransa yalikuwa yameandikwa ubavuni kuwa huchukua watu 40 au farasi 8, lakini mara nyingi walitiwa watu zaidi ya hao. Hawakuwa na nafasi ya kulala, wala choo, na maji yalikuwa haba. Safari hiyo ilichukua siku tatu au nne hata kufika nchi ya Poland, iliyokuwa imetekwa na Wajerumani.

Jenerali Fortune naye alikaa kifungoni miaka mitano. Alipopatwa na kiharusi mwaka wa 1944, angaliweza kurudishwa kwao pamoja na wagonjwa wengine, lakini alikataa, akasema atabaki pamoja na watu wake.

KAMBI NA KAZI

Wajerumani waliwatenga maofisa na askari wa kawaida. Kambi ya maofisa iliitwa Oflag, na kambi ya askari iliitwa Stalag. Kila kambi ilikuwa na namba ya wilaya ya kijeshi iliyokuwamo. Stalag VIII B, kwa mfano, ilikuwa Lamsdorf, katika jimbo la Silesia, ambalo siku hizi ni sehemu ya Poland. Hiyo ilikuwa mojawapo ya kambi kubwa kupita zote za askari wa Kiingereza.

Alipofika, kila mtu alinyolewa nywele, akapigwa picha, akapewa kibati chenye namba avae shingoni. Tangu siku hiyo alijulikana kwa namba hiyo. Kambi yenyewe ilikuwa safu za mabanda marefu yaliyozungukwa na seng'enge mara mbili, na pembeni iko minara yenye taa kali na bunduki za mtombo. Ndani ya banda vitanda vya mbao vilipandana vitatu vitatu, na magodoro yalikuwa magunia yaliyojazwa majani makavu au vipande vya mbao. Jiko lilikuwa moja au mawili tu, na makaa hayakutosha. Chawa na viroboto walikuwa adui wa kila siku. Asubuhi na jioni wote walisimama nje kuhesabiwa, hata theluji ikianguka, na hesabu ikikosewa walihesabiwa upya.

Lakini askari wengi hawakukaa katika kambi kubwa. Walipelekwa makundi makundi mahali pa kazi. Wako waliochimba makaa ya mawe chini ya ardhi huko Silesia, waliovunja mawe, waliotengeneza njia za reli, waliokata miti, na waliofanya kazi katika viwanda vya sukari. Waliobahatika walipelekwa mashambani, kwa maana mtu akivuna viazi hakosi kuficha kimoja au viwili mfukoni. Malipo yao yalikuwa fedha za karatasi zilizopigwa chapa kwa ajili ya kambi tu, ambazo nje ya kambi hazikununua kitu.

Kulikuwa na habari nyingi za watu waliofanya kazi polepole kwa makusudi, au waliovunja vyombo na kusema ni bahati mbaya. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa vita iliyobaki.

KIFURUSHI CHA MSALABA MWEKUNDU

Chakula cha Wajerumani kilikuwa kidogo. Mkate mmoja mweusi uligawanywa kwa watu watano au zaidi. Mchana walipewa supu ya viazi, au ya mizizi ambayo kwa desturi hulishwa ng'ombe, na asubuhi kinywaji cheusi kilichoitwa kahawa, nacho ni shayiri au mbegu za miti zilizokaangwa. Mtu aliyefanya kazi ya shimoni kwa chakula hicho alidhoofika upesi. Katika miezi ya mwanzo watu walizimia wakisimama kuhesabiwa.

Njaa hufunza watu sheria. Katika mabanda mengi ilikuwa kanuni kuwa yule aliyekata mkate ndiye achaguaye kipande cha mwisho. Kwa hiyo mkataji alikuwa na sababu ya kupima sawasawa kuliko mtu mwingine yeyote.

Kilichobadili hali hiyo ni kifurushi cha Msalaba Mwekundu. Kilikuwa sanduku la karatasi nene lenye uzito wa ratili 11 hivi. Ndani yake mlikuwa na majani ya chai, kakao, sukari, maziwa ya kopo, siagi, nyama ya kopo, samaki, jamu, biskuti, chokoleti na sabuni. Sigara zililetwa mbali. Shabaha ilikuwa kila mateka apate kifurushi kimoja kila juma, ingawa mara nyingi kimoja kiligawanywa kwa watu wawili au zaidi. Katika muda wote wa vita Uingereza ilipeleka vifurushi vipatavyo milioni 20.

Njia yake ilikuwa ndefu. Vilitoka Uingereza kwa meli mpaka Lisbon, katika nchi ya Ureno isiyokuwa vitani. Hapo vilipakiwa katika meli nyingine zilizochorwa misalaba mikubwa myekundu ili zisipigwe mabomu, vikapelekwa Marseille, kisha kwa reli mpaka Geneva, na kutoka huko vikaingia Ujerumani. Tafakari basi: chakula kilichopakiwa na wanawake wa Uingereza kilipita katikati ya vita, kikabebwa na reli za adui, kikafika kwa mateka. Kwa nini Wajerumani waliruhusu? Kwa kuwa Uingereza nayo ilikuwa na mateka wa Kijerumani, na mama zao huko Ujerumani walitaka nao wapate barua na vifurushi. Kila upande ulikuwa umeshika watoto wa mwenziwe.

Barua nazo zilipita vivyo hivyo. Askari aliruhusiwa barua mbili na kadi nne kwa mwezi, katika karatasi maalum, nazo zilisomwa na wakaguzi wa pande zote mbili. Jibu liliweza kuchukua miezi. Vitabu pia vililetwa, na mateka waliokuwa waalimu wakaanzisha madarasa. Maelfu walifanya mitihani ya London hali wamefungwa, karatasi zao zikasahihishwa Uingereza, na wengine wakarudi makwao wakiwa na vyeti.

SIGARA IKAWA FEDHA

Palipo na watu na vitu, soko halikosi. Mtaalamu mmoja wa uchumi, R. A. Radford, alitekwa Libya mwaka wa 1942, akawekwa kwanza Italia na kisha Ujerumani. Vita vilipokwisha aliandika makala, yaliyochapishwa mwaka wa 1945, kueleza jinsi biashara ilivyozaliwa kambini.

Kila mtu alipewa vitu vile vile, lakini matakwa yao hayakuwa sawa. Asiyevuta sigara alitaka chokoleti, na asiyependa jamu alitaka nyama. Mwanzoni walibadilishana kitu kwa kitu. Huko Italia ilisimuliwa habari ya kasisi mmoja aliyezunguka kambi na kopo la jibini na sigara tano, akarudi kitandani pake akiwa na kifurushi kizima, na jibini yake na sigara zake tano zingali mkononi. Alikuwa amejua tu mahali ambapo kila kitu chahitajiwa zaidi.

Halafu sigara ikawa fedha. Ilikuwa ndogo, ya kudumu, yenye kuhesabika, na kila mtu aliikubali. Bei za vitu ziliandikwa ubaoni. Sigara nzuri zilivutwa, na mbovu ndizo zilizozunguka sokoni. Vifurushi vya sigara vilipofika kwa wingi, bei zilipanda. Zilipochelewa, watu walivuta fedha yao, na bei zikashuka. Mtu mmoja aliyejua Kiurdu alikwenda upande wa askari wa Kihindi, akanunua nyama kwa Masingasinga na kuwauzia siagi na jamu. Faida yake ilikuwa nzuri mpaka wengine walipojua siri hiyo, ndipo bei zikakaribiana kambi nzima.

PINGU ZA MWAKA WA 1942

Tumesema kuwa kila upande ulikuwa umeshika watoto wa mwenziwe. Jambo hilo liliwalinda mateka, lakini pia liliweza kuwaumiza. Mwezi wa Agosti 1942 majeshi ya Kanada na Uingereza yalishambulia mji wa Dieppe katika pwani ya Ufaransa, yakashindwa. Wajerumani wakapata hati ya amri iliyosema kuwa mateka wafungwe mikono ili wasiharibu karatasi zao. Mwanzo wa Oktoba, baada ya shambulio jingine dogo katika kisiwa cha Sark, Wajerumani waliouawa walikutwa wamefungwa mikono. Hitler akaamuru mamia ya mateka watiwe pingu.

Serikali ya Uingereza ikajibu kwa kuwatia pingu Wajerumani waliokuwa mikononi mwake na katika Kanada. Wajerumani wakaongeza hesabu ya waliofungwa. Wahenga husema dawa ya moto ni moto, lakini hapa moto uliongeza moto, na walioungua ni watu wasiokuwa na kosa. Uswisi na Msalaba Mwekundu wakaingia kati. Mwezi wa Desemba 1942 Uingereza na Kanada ziliwafungua mateka wao. Wajerumani hawakuacha mpaka Novemba 1943. Lakini kabla ya hapo pingu zilikwisha kuwa kama mchezo. Mateka waligundua kuwa kile kifunguo cha kufungulia kopo la samaki chaweza kufungua pingu, nao walinzi waliochoka walitazama upande mwingine.

SHERIA ILIPOVUNJWA

Sasa turudie zile siku 28 za Benuzzi. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944, maofisa 76 wa jeshi la anga la Uingereza na la nchi rafiki walitoroka kwa shimo walilochimba chini ya kambi ya Sagan. Watatu walifika salama. Waliobaki 73 wakashikwa. Kwa sheria adhabu yao ilikuwa kifungo kisichozidi siku 30. Lakini kwa amri ya Hitler, 50 kati yao waliuawa kwa risasi. Baada ya vita Uingereza iliwatafuta wauaji, na baadhi yao walihukumiwa na kunyongwa.

Hao walikuwa 50, na dunia nzima ilijua. Wako wengine ambao sheria haikuwafikia kabisa. Mwezi wa Juni 1940, wakati ule ule Waingereza walipokuwa wakitembezwa kwenda kifungoni, Waafrika waliopigana katika jeshi la Ufaransa, wengi wao wakitoka Afrika ya Magharibi, walitekwa pia. Mahali pengi Wajerumani waliwatenga na Wazungu wenzao, wakawapiga risasi kwa sababu ya rangi yao. Karibu na Lyon, katika kijiji cha Chasselay, yako makaburi ya askari karibu 200 waliokufa vitani hapo au kuuawa baada ya kutekwa. Ufaransa ilikuwa imetia sahihi mapatano yale yale ya Geneva, na Ujerumani pia. Karatasi ilikuwako, lakini mashambani hapakuwa na shahidi wa kuisoma.

Mateka wa Kirusi nao waliona mabaya makubwa. Kule Lamsdorf walikuwa katika kambi ya jirani, na Waingereza waliwaona ng'ambo ya seng'enge wakila majani, na maiti zikitolewa kwa mikokoteni. Nchi yao haikutia sahihi mapatano ya mwaka wa 1929, na serikali ya Hitler ikalifanya jambo hilo kuwa udhuru. Hawakuwa na nchi ya kuwasimamia, wala vifurushi, wala barua. Katika mateka wa Kirusi wapatao milioni 5 na laki 7, zaidi ya milioni 3 walikufa. Mwingereza na Mrusi waliishi katika nchi moja, chini ya walinzi wa jeshi moja, na baridi ya namna moja. Tofauti kati ya 96 waliorudi katika mia, na zaidi ya nusu waliokufa, ni tofauti ya kuwa na sheria yenye wasimamizi na kutokuwa nayo.

MSAFARA KATIKA THELUJI

Mwaka wa 1944 njia za reli zilipovunjwa kwa mabomu, vifurushi vilipungua na njaa ikarudi. Kisha mwezi wa Januari 1945 majeshi ya Urusi yakakaribia kutoka mashariki. Wajerumani hawakutaka mateka wao wakombolewe, wakaamuru watembee kuelekea magharibi. Lamsdorf ilianza kuhamishwa tarehe 22 Januari.

Ilikuwa baridi kali kupita kiasi. Walikwenda wakivuta vitu vyao juu ya vigari vya mbao visivyo na magurudumu, wakilala katika mabanda ya ng'ombe au nje juu ya theluji. Vidole vya miguu viliganda na kuoza. Walikula viazi vya sukari vibichi walivyochimbua mashambani. Mtu aliyeanguka na kukosa rafiki wa kumwinua aliweza kubaki hapo hapo milele. Wengine walitembea zaidi ya maili 500, muda wa miezi mitatu. Katika mwezi wa Aprili, karibu na kijiji cha Gresse, ndege za Uingereza zilidhani msafara mmoja ni wa jeshi la Ujerumani, zikaupiga. Makumi ya mateka, waliokuwa wamevumilia miaka mingi, waliuawa na watu wa kwao wakati ukombozi ulikuwa umebaki siku chache tu.

SAJINI MEJA LORD

Si sheria peke yake iliyowaokoa mateka. Utaratibu wao wenyewe pia ulisaidia. Mapatano yaliwaruhusu kuchagua mtu wa kuaminiwa, aseme na Wajerumani kwa niaba yao na kusimamia ugawaji wa vifurushi. Mahali ambapo mtu huyo alikuwa mwaminifu, hata wadhaifu walipata haki yao.

Mfano mmoja unakumbukwa sana katika jeshi la Uingereza. Sajini Meja John Lord wa jeshi la miavuli alitekwa Arnhem, Uholanzi, mwezi wa Septemba 1944, akapelekwa Stalag XI B, katika Fallingbostel. Alikuta kambi iliyojaa watu kupita kiasi, chafu, na wengi wamekata tamaa. Alianza na mambo madogo. Aliwaagiza watu wanyoe ndevu, wasafishe viatu, wasimame sawasawa wakati wa kuhesabiwa. Mateka akifa, alihakikisha anazikwa kwa heshima kamili ya kijeshi. Wako walionung'unika, wakiona kuwa hayo ni upuuzi kwa watu wenye njaa. Baadaye wengi walikiri kuwa mtu aliyenyoa ndevu zake asubuhi alikuwa na sababu ya kungoja jioni.

Tarehe 16 Aprili 1945 vifaru vya Uingereza vilifika Fallingbostel. Vilikuta langoni walinzi, nao si Wajerumani, bali mateka wenyewe, nguo zao safi na viatu viking'aa, wakiwapigia saluti. Kuanzia mwaka wa 1948 mpaka 1963 Lord alikuwa Sajini Meja wa chuo cha maofisa cha Sandhurst, na vijana wengi walipita mikononi mwake.

KURUDI NYUMBANI

Katika mwezi wa Aprili na Mei 1945, ndege zile zile zilizokuwa zikibeba mabomu zilibeba watu. Kila moja ilichukua mateka wapatao 25, na kwa njia hiyo watu karibu 75,000 walirudishwa Uingereza kwa muda mfupi. Wengi walishindwa kula chakula cha kawaida, kwa kuwa matumbo yao yalikuwa yamezoea njaa. Wengine walikuta watoto wao hawawajui, au wazazi wamekufa. Wako walioshindwa kulala katika chumba kilichofungwa mlango. Serikali ikafungua vituo 20 vya kuwasaidia kuzoea tena maisha ya raia na kazi, kwa maana ilionekana kuwa kifungo hakiishi siku lango lifunguliwapo.

Mambo yaliyoonekana katika vita hivyo yalisababisha sheria itengenezwe upya. Tarehe 12 Agosti 1949 mataifa yalikutana tena Geneva, yakaandika mapatano mapya ya mateka yenye vifungu 143. Yanasema wazi kuwa mateka wote watendewe sawa, pasipo ubaguzi wa rangi, taifa au dini. Tena taifa lililotia sahihi lapaswa kuyafuata hata kama mmoja wa maadui zake hakutia sahihi, maadamu adui huyo anayashika kwa matendo. Kenya huru ilijiunga nayo mwaka wa 1966.

Basi jibu la swali letu la mwanzo ni hili. Mateka hakulindwa na huruma ya adui, ingawa walinzi wengine walikuwa watu wema. Alilindwa na ahadi iliyoandikwa, na mashahidi waliokuja kuona kama yatimizwa, na chakula kilichotumwa na watu wasiomjua, na wenzake waliokata mkate kwa haki. Penye mambo hayo manne, askari aliyenyang'anywa silaha alirudi kwao. Palipokosekana shahidi, hata ahadi iliyotiwa sahihi haikumwokoa, kama makaburi ya Chasselay yaonyeshavyo mpaka leo.